Kukua na Kukoma Kukua

Watu wengi hudhani kwamba jambo la kuelezwa ni vipi kiungo hukua. Lakini swali lililo zito zaidi ni hili: ni nini kinachokizuia kisiendelee kukua? Bawa la kulia la inzi hulingana na la kushoto, wala hakuna ayapimaye.

Jawabu lilipatikana kwa inzi wadogo wa matunda, hawa wanaokusanyika juu ya ndizi zilizoiva mno. Ndani ya buu lake mna kitabaka ambacho ndicho kitakachokuwa bawa. Huanza kwa chembe hai zisizofika mia. Baada ya siku chache zimekuwa kiasi cha 50,000, kisha hukoma.

Mwaka 1995 wataalamu walieleza khabari ya jeni moja, yaani agizo moja la urithi lililomo ndani ya chembe. Jeni hiyo ikiharibika katika sehemu ndogo tu ya mwili wa inzi, sehemu ile hufura; wakaiita Chunjua. Mwaka 2003 ikajulikana nyingine, ambayo ikikosekana kichwa huwa kikubwa chenye mikunjo. Hiyo wakaiita Kiboko. Msomaji asicheke. Desturi yao ni kuiita jeni kwa dhara litokealo inapoharibika, na desturi hii huwapoteza wanafunzi wengi, kwani kazi ya Kiboko ni kuzuia ukubwa, si kuuleta.

Kiboko huiamsha Chunjua, nayo Chunjua huitia protini iitwayo Yorkie alama ya fosfati, ili isikae katika kiini cha chembe. Yorkie, iliyojulikana mwaka 2005, ndiyo iamrishayo chembe zigawanyike na zisife. Basi mnyororo huu ukikatika, madhara huja mawili kwa pamoja: chembe huzaana kupita kiasi, na zilizopasa kufa hazifi.

Wala hili si la inzi peke yake. Mnyororo huo umo katika panya na katika binadamu. Mwaka 2007 watafiti waliizidisha katika maini ya panya protini ya YAP, iliyo mfano wa Yorkie. Ini likakua hata likafika kiasi cha robo ya uzito wa mwili, na mwisho likaingia saratani. Lakini ilipozimwa mapema, ini lilirudi karibu na ukubwa wake wa asili. Ndiyo sababu leo dawa za kuizuia kazi ya YAP zinajaribiwa kwa wagonjwa, khasa wenye saratani ya utando wa mapafu.