Kamati za Kijiji: Nyingi au Chache?

SWALI: Mkutano wetu wa kijiji hujadili maji, michango na mipaka ya mashamba kwa mchanganyiko, hata magharibi ikaingia pasipo uamuzi. Je, tuunde kamati kumi, kila jambo na yake?

JIBU: La, ndugu msomaji, kwani kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na hao mkiwagawa mafungu kumi, aghalabu akidi haitatimia. Kamati tatu za kudumu, yaani fedha na mipango, huduma za jamii, na ulinzi na usalama, zatosha, maadamu kila shauri limefikishwa mahali pake kabla ya mkutano. Pampu ya kisima ikiharibika, kamati ya huduma iikague, ipate bei ya fundi, kisha mtendaji aandike katika ajenda swali moja tu: fedha zitoke wapi? Kipengele cha "Mengineyo" katika ajenda, nawasihi kwa dhati, msikifute. Humo ndimo mjane mwenye dai lisilo na kamati hupata kusikizwa. Ama mipaka ya mashamba, msiilete mkutanoni majirani wakafedheheshana hadharani, bali ipelekeni kwa Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni usuluhishi, na ambalo katika wajumbe wake 7 wanawake hawapungui 3.