Bibi Alisema Nini Siku ya Kimbunga?

Wadogo zangu wa Shangani, wa Mikindani, wa Msimbati, na nyie wa juu kule Newala na Tandahimba, safari hii barua zenu zimenishangaza. Hakuna mume aliyelalamikiwa sana, hakuna wifi aliyesemwa, na bila mawifi kona hii kwa kawaida haijai. Wengi mmeniuliza habari ya kumbukumbu. Basi mawifi wapumzike kidogo.

Wa kwanza ni binti wa Mikindani, mama wa mtoto mmoja, anayeishi na bibi yake mzaa mama. Anaandika: "Dada, simu yangu imejaa picha mpaka imekuwa nzito. Nikizifungua naona sura za watu, basi. Nimeanza kuandika kwenye daftari mambo madogo ya hapa nyumbani. Mama ananicheka, ananiita karani. Mume wangu ndiye kabisa, anadhani naorodhesha madeni yake. Niendelee au niache?"

Endelea, mdogo wangu. Sababu yangu nitakupa kwa siku moja ambayo kila mtu wa Mtwara wa umri wako anaijua.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 25 Aprili 2019. Kimbunga Kenneth kilikuwa baharini kinakuja, na tangazo lilikuwa kwamba huenda kikatupiga. Shule na ofisi zikafungwa, watu wa mabondeni na wa ufukweni wakaambiwa wasogee juu, mji ukakaa kimya ukiusikiliza upepo. Mwisho wake mnaujua. Kenneth kikaangukia kwa jirani zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji, kikavunja nyumba na kuua watu. Sisi tukarudi majumbani.

Sasa niambie: siku ile kwenu mlikula nini? Nani alikimbilia kufunga kuku, nani alikimbilia vyeti? Nani alikataa kutoka? Nimewauliza watu wengi swali hili, na wengi hunipa jibu lile lile: "Tuliogopa, halafu hakikuja." Siku nzima ya watu wazima, watoto na wazee imebakiza maneno matatu.

Isipokuwa kwa mama mmoja niliyemkuta na kalenda yake ya ukutani, ile ya matangazo ya duka inayoning'inia jikoni hadi mwaka unaofuata. Kwenye kimraba cha tarehe 25, kwa kalamu ya bluu na herufi zilizobanana kama abiria wa Noah, alikuwa ameandika: "Bibi kakataa kupanda gari. Kasema ule wa 52 ndio ulikuwa upepo. Tumepika kisamvu hapa hapa." Basi. Lakini humo kuna bibi mzima, na ukaidi wake, na chakula, na historia juu yake, maana kweli Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na pwani hii ya kusini, na bibi yule alikuwa msichana mwenye akili zake. Wajukuu wakisoma kimraba kile wanacheka, kisha wanaanza kuulizana: ule wa 52 aliuona akiwa wapi? Nyumba ya nani iliezuliwa? Tayari kuna mazungumzo.

Ndiyo maana nasema picha haitoshi. Picha ingekuonyesha bibi kakaa kibarazani na khanga yake. Isingekwambia amekataa kupanda gari. Yale makubwa yana wenyewe wa kuyaandika: kasi ya upepo iko kwa watu wa hali ya hewa, maagizo yako kwenye mafaili ya mkoa. Kauli ya bibi haina ofisi.

Na tusipoandika sisi, ataandika mwingine kwa haja zake. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado vya moto, alikuja huku kusini Mjerumani aitwaye Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alizunguka Masasi na uwanda wa juu wa Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Akanasa nyimbo za Wamakonde, Wayao na Wamakua. Aliwapa hata wapagazi wake kalamu na karatasi wachore walichopenda, na wakachora. Leo nyimbo zile zimehifadhiwa Berlin. Simlaumu kwa kuzihifadhi. Bila yeye labda tusingekuwa nazo. Ila yeye alichagua cha kunasa kama mgeni anavyochagua, na mgeni huvutiwa na ngoma. Mgeni haulizi kwa nini mwanamke fulani alichelewa ngomani, wala nani alimbebea mtoto wake akapate kucheza.

Tofautisha na Shaaban Robert wa Tanga. Vitabu vyake mmevisoma shuleni, sawa. Lakini miaka na miaka alikuwa akimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge, na yule ndugu akazitunza tangu 1931 hadi 1958. Baadaye zikachapishwa kitabu. Hebu fikirieni hapo anayestahili sifa ni nani. Mwandishi, ndiyo. Mimi pia nampa mkono yule aliyepokea barua, akaisoma, akaiweka mahali pakavu kwa miaka yote hiyo bila kufungia vitumbua.

Nije kwa kijana wa Msimbati. Yeye ananiambia: "Dada, nyie wa mjini mna mambo. Maisha yangu ni baharini na nyumbani, baharini na nyumbani. Niandike nini mimi?"

Mdogo wangu, unanichekesha. Wewe unakaa mahali ambapo simu ikinasa mtandao wa ng'ambo ya Ruvuma saa inarudi nyuma, kwa kuwa Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja, halafu unasema huna la kuandika? (Na kwa hilo, usiziamini sana tarehe na saa ambazo simu inaziweka yenyewe kwenye picha. Andika kwa mkono.)

Anza na bahari yenyewe. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua linaingia, maji yanakupwa mpaka miamba inabaki nje, na akina mama wanashuka na fimbo kuchokoa pweza na kuokota kombe. Nenda kaandike bamvua moja tu. Nani alishuka wa kwanza, nani alipata, nani alirudi mtupu akasingizia upepo, pweza aliuzwa bei gani pale pale mchangani na bei gani alipofika mjini. Mambo yanayojirudia ndiyo yanayopotea kwa urahisi, kwa sababu kila mmoja anaona yatakuwepo kesho. Bei ya pweza ya leo, watoto wako watakuja kuisoma kama hadithi.

Kisha kaa na wajomba zako, uwaulize majina. Kila mwamba, kila mkondo, kila fungu la mchanga kati ya Msimbati na mdomo wa Ruvuma lina jina, na wavuvi wazee wanaongozwa na majina hayo usiku. Mengi hayamo kwenye ramani yoyote. Tangu mwaka 2000 eneo lenu ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na gesi iligunduliwa hapo hapo Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Gesi ina mafaili yake, hifadhi ina ramani zake. Mjomba ana kichwa chake tu, na kichwa hicho kina mvi. Kwanza mwambie shikamoo, mpe kahawa, ndipo utoe daftari.

Kule juu kwenye korosho ni vile vile. Kilo zenu ziko kwenye stakabadhi, bei ya mnada iko kwa chama cha msingi, hayo msihangaike nayo. Andikeni asubuhi ya kuokota, mmeinama chini ya mikorosho mnanyonyoa korosho kwenye mabibo, na harufu ile ya mabibo yaliyoanza kuchacha. Andikeni mtoto aliyekula bibo na shati la shule, doa lisitoke hadi leo, na mama yake alichomwambia. Kuhusu msimu mzima watu husema "mwaka ule korosho zilikuwa nzuri" au "mwaka ule tulipata taabu", na ukiuliza zaidi hawana. Shati lenye doa linaukumbusha mwaka kuliko tani.

Mmeuliza pia namna ya kuandika. Nunua daftari gumu, lile la kaunta, lisilochanika haraka. Mistari miwili mitatu kwa siku inatosha, na siku ukiwa umechoka acha, usijipe kazi ya ukarani kweli. Weka tarehe. Weka jina la mtu na uhusiano wake nawe, kwa maana "mjomba" wapo wengi. Kauli iandike kama ilivyotamkwa, kama ni Kimakonde acha Kimakonde, usiitafsiri wala usiinyooshe kwa Kiswahili cha redio. Muda mzuri ni pale ming'oko ipo jikoni inachemka na huna la kufanya ila kusubiri; ukingoja usiku, usingizi utakushinda.

Ukitaka sauti ya bibi, usimkalishe kitini ukamwekea simu mdomoni. Atakohoa, atasalimia kama yuko bungeni, ataishia hapo. Mwache achambue mboga au asuke ukili wake, simu iweke pembeni huku anajua inarekodi, kisha muulize jambo dogo: zamani chumvi mlipata wapi? Utashangaa atakapofika.

Picha chache unazozipenda zipeleke studio zikasafishwe, na nyuma uandike nani ni nani kabla hamjasahau. Simu huibiwa, huanguka majini, memori kadi hufa bila kuaga. Karatasi nayo ina adui zake huku kwetu: hewa ya chumvi na mchwa. Weka kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na ukuta.

Hapa sasa niseme kwa ukali kidogo. Kutunza si kutangaza. Naona wengine wenu mtoto akianguka mnachukua simu kwanza, ndipo mnamwinua. Naona mgonjwa kawekwa kwenye status na dripu yake. Mwenye uso ndiye mwenye ruhusa, na mtoto asiyeweza kutoa ruhusa basi mstiri. Ya unyagoni yabaki unyagoni. Ukitaka kuandika, andika kwamba mlimtoa mwali siku fulani, nani alikuja, mama alilia vipi, pilau iliungua au haikuungua. Yaliyofundishwa ndani wanayo makungwi, na wao hawahitaji daftari lako. Hata ukisikia mtu anasema ni utamaduni lazima urekodiwe wote, mwambie akaombe kwa wenyewe.

Tena daftari hili lisigeuke kitabu cha mashtaka. Ukiona kurasa zote ni "leo kachelewa tena", "leo hakuacha hela ya mboga", hiyo ni kesi, ipeleke kwa washenga. Ndoa nzuri nayo ina vitu vyake vidogo ambavyo hatuviandiki kwa aibu: alinichotea maji, alinisifia mchuzi wa pweza, alicheka mpaka akakaa chini. Viandike. Siku ya ugomvi vitakusaidia kuliko mimi.

Ninawakumbuka pia walio ng'ambo ya mto na waliovuka kuja huku. Tangu vurugu zilipoanza Cabo Delgado mwaka 2017, wapo waliofika upande wetu na nguo za mwilini tu, bila hata picha ya mama. Na kijijini Kitaya, upande wetu wa mto, vurugu hizo zilipofika Oktoba 2020, watu walikimbia nyumba zao. Kama jirani yako ni mmoja wao na ana hamu ya kusimulia kwao kulivyokuwa, mti gani ulikuwa uani, kisima kilikuwa wapi, mpe muda wako na uandike. Asipotaka, mwache.

Binti yangu wa Mikindani, mama anayekuita karani usimjibu. Mwulize siku uliyozaliwa wewe kulikuwa na jua au mvua, nani alikwenda kumwita mkunga, na walikula nini jioni ile. Andika mbele yake. Nina hakika ataanza kukusahihisha tahajia. Na huyo mume mwenye wasiwasi wa madeni, msomee ukurasa wa jana kwa sauti. Akicheka, mpe kalamu naye aandike wake. Akinuna, niandikie tena.