Kila Kifaa na Fungu Lake: Somo la Kupanga Anwani za Mtandao

Mimi si mwanafunzi wa kompyuta. Nasoma Masomo ya Kiislamu, na mtandao wa ofisi ya jumuiya yetu hapa Kampala niliachiwa kwa sababu moja tu: kaka aliyekuwa akiusimamia alihitimu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu siku alipokabidhi funguo. Somo hili nimelipata kwa kukosea. Ninalileta kwenu ili atakayepokea funguo hizo baada yangu asianzie pale nilipoanzia mimi.

Kisa chenyewe

Ilikuwa Jumatano, siku ya kuwapokea wanafunzi wapya. Wageni walimiminika tangu asubuhi, na kila aliyeingia aliunga simu yake kwenye waifai yetu. Saa nane mchana akaja dada mmoja wa mwaka wa mwisho kuchapa fomu ya msaada wa ada. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa saa kumi na moja jioni siku hiyo hiyo. Printa ilikuwa imezimwa tangu Jumatatu kwa kukosa wino. Niliiwasha, lakini kompyuta haikuiona. Niliizima na kuiwasha mara tatu, bila mafanikio. Mwishowe yule dada alipanda bodaboda akachape mjini. Fomu iliwahi, lakini alilipa nauli na kubeba hofu ambazo hazikuwa zake. Kosa lilikuwa langu.

Jioni nilitoa ukurasa wa hali ya printa nikaona anwani yake inaanza na 169.254. Zishikeni namba hizo. Kifaa hujipa chenyewe anwani ya namna hiyo kinapoomba anwani kwenye mtandao na kukosa wa kukipa.

Anwani hugawiwaje?

Kila kifaa kwenye mtandao kinahitaji namba yake, mfano 192.168.10.25. Kazi ya kugawa namba hizo hufanywa na seva ya DHCP, ambayo mara nyingi imo ndani ya ruta. Kanuni zake zilitolewa mwaka 1993, na toleo ambalo ndilo msingi wa kazi hiyo hadi leo ni la mwaka 1997. Mazungumzo ni ya hatua nne: kifaa kinaita, seva inapendekeza namba, kifaa kinaiomba rasmi namba hiyo, seva inathibitisha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kifaa hakipewi namba moja kwa moja. Kinaazimwa, kama kitabu cha maktaba, kwa muda maalumu. Nusu ya muda ikipita, kifaa kilichopo huomba kuongezewa. Kilichoondoka bila kuaga, namba yake hubaki imeshikwa mpaka muda uishe.

Hapo ndipo tulipokwama. Ruta yetu iligawa namba 100 tu, kuanzia .100 hadi .199, na kila namba iliazimwa kwa saa 24. Namba ya zamani ya printa ilikuwa imekwisha muda tangu Jumanne, ikachukuliwa na simu ya mgeni. Wengi wa wageni hao walikuwa wamekwenda zao kabla ya adhuhuri, lakini namba zao zilikuwa bado zimeandikwa kwa majina yao.

Kugawa kwa mafungu

Aliyesoma faraidhi atanielewa haraka: wenye mafungu maalumu hupewa kwanza, kisha kinachobaki huenda kwa wengine. Niliketi na karatasi nikajiuliza maswali mawili kwa kila kifaa. Je, kinakaa hapa muda gani? Je, wengine wanahitaji kukipata mahali pale pale kila siku? Nikapata mafungu manne:

1. Namba .1 hadi .19: ruta na vifaa vya mtandao wenyewe. Hivi huandikiwa namba kwa mkono, wala haviombi.
2. Namba .20 hadi .49: printa na kompyuta ya kuhifadhia mafaili. Hivi huomba, lakini seva huvipa namba ile ile siku zote.
3. Namba .50 hadi .79: kompyuta za chumba cha kusomea, kwa saa 24.
4. Namba .100 hadi .249: simu na kompyuta za wageni. Ni namba 150, kwa saa 2 tu.

Namba .80 hadi .99 nimeziacha wazi kwa ajili ya vifaa vitakavyokuja.

Ruta yetu haikuweza kutenganisha mafungu hayo, kwa hiyo nilitumia kompyuta kuukuu yenye Linux na programu ya bure iitwayo dnsmasq. Seva hutambua kifaa kwa anwani yake ya MAC, ambayo mara nyingi imebandikwa nyuma au chini ya kifaa. Mistari yenyewe ni michache:

dhcp-host=00:11:22:33:44:55,192.168.10.20
dhcp-host=00:11:22:33:44:66,set:kusomea
dhcp-range=tag:kusomea,192.168.10.50,192.168.10.79,24h
dhcp-range=192.168.10.100,192.168.10.249,2h

Mstari wa kwanza unaiwekea printa namba yake. Wa pili unaipa kompyuta moja ya chumba cha kusomea lebo. Uandike upya kwa kila kompyuta. Wa tatu unatenga fungu la wenye lebo hiyo. Wa nne ni wa yeyote asiyejulikana, yaani mgeni. Weka MAC za vifaa vyako mahali pa hizi za mfano.

Tahadhari tatu

Kwanza, zima DHCP ya ruta kabla ya kuwasha seva mpya. Wagawaji wawili wasiojuana wanaweza kuvipa vifaa viwili namba moja.

Pili, usitegemee MAC ya simu. Tangu Android 10 na iOS 14, simu nyingi huonyesha MAC ya kubuni kwenye kila waifai. Nilimwekea rafiki yangu namba maalumu kwa MAC niliyoisoma kwenye mipangilio ya simu yake, na simu ikaendelea kuhesabiwa kuwa mgeni.

Tatu, mafungu haya si ukuta. Simu ya mgeni bado imo kwenye mtandao mmoja na kompyuta zetu. Ukitaka kuwazuia wageni wasifikie mafaili, lazima uwe na mtandao wao wa pekee, mfano 192.168.20, na ruta izuie njia ya kutoka huko kuja huku. Hatua hiyo bado hatujaifikia.

Kabla hujagusa seva

Chukua daftari. Andika kila kifaa, kilipo, MAC yake, fungu lake na sababu ya kuwekwa humo. Kamati zetu hubadilika kila mwaka, na aliyeondoka hapatikani kila anapotafutwa. Daftari letu lipo kwenye droo ya juu, chini ya kitabu cha mahudhurio. Atakayepokea funguo aanze kwa kulisoma, na akiongeza kifaa, aongeze na mstari.