Matembezi ya Siku Moja katika Msitu wa West Bugwe

Swali: Msomaji wa Malaba, upande wa Kenya, anauliza namna ya kupanga matembezi ya siku moja katika msitu wa umma ulio jirani.

Jibu: West Bugwe, ulioko wilayani Busia nchini Uganda, ni msitu wa akiba wa serikali kuu, yaani ardhi ya umma inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu chini ya sheria ya mwaka 2003, kwa hiyo mgeni hana budi kuomba ruhusa mapema na kutafuta mwongozaji mwenyeji, kwani vijia vingi vya msituni ni vya wakata kuni na huishia vichakani. Mkenya huvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa.

Jambo la kupangwa kwa makini zaidi ni saa, wala si umbali. Katika bonde la Ziwa Victoria mawingu hujikusanya adhuhuri na mvua ya radi hunyesha alasiri, hasa kuanzia Machi hadi Mei, hivyo inafaa kuanza saa moja asubuhi na kuweka saa ya kugeuka, yaani wakati ambao kikundi hurudi hata kama hakijafika kilikokusudia; saa tano na nusu inatosha, ingawa wenye papara hawatafurahi.

Ncha za suruali zichomekwe ndani ya soksi, kwa sababu siafu, ambao baada ya mvua huikata njia kwa msafara mweusi unaometameta, hupanda mguuni kimyakimya kabla ya kuanza kuuma. Maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani, na anayebaki nyumbani aachiwe jina la njia na saa ya kurejea.