Springi za Gavana katika Pampu ya Dizeli

Dereva wa lori akikanyaga mafuta mpaka mwisho huku gia haijaingizwa, injini hunguruma, hupanda mwendo, kisha hufika mahali ikakataa kupanda zaidi. Kanyagio liko sakafuni, mafuta yamo tele tangini, wala hewa haikuzuiliwa. Hata hivyo injini haivuki mpaka huo. Kinachoizuia ni chombo kidogo kilichofichwa nyuma ya pampu ya dizeli, ambacho mafundi hukiita gavana. Jina hilo ndilo tutakalolitumia hapa, ingawa wazee watakumbuka magavana wa namna nyingine.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini injini ya dizeli haiwezi kuishi bila chombo hiki. Katika injini ya petroli, dereva anapoachia kanyagio hufunga njia ya hewa, na injini iliyonyimwa hewa hutulia yenyewe. Katika injini ya dizeli ya kawaida hewa huingia bila kizuizi wakati wote. Kinachobadilika ni kiasi cha mafuta tu, na kiasi hicho hutawaliwa na fimbo ndefu ndani ya pampu, ambayo husogea mbele na nyuma na kuzigeuza planja zote kwa pamoja. Sasa tuseme fimbo hiyo imefungwa mahali pamoja isisogee, na mzigo wa injini ukaondolewa ghafula. Injini itaongeza mwendo. Na kadiri mwendo unavyopanda, ndivyo mafuta yanavyopata nafasi ndogo zaidi ya kuvujia pembeni mwa planja, hivyo kila pigo la pampu hupeleka mafuta mengi kidogo kuliko pigo la kwanza. Badala ya kujizuia, injini hujisukuma. Mwisho wake ni chuma kuvunjika.

Gavana hufanya kazi kwa mashindano ya vitu viwili. Kwenye ncha ya mhimili wa pampu hufungwa vyuma vizito viwili, kimoja upande huu na kingine upande wa pili. Mhimili unapozunguka, vizito hivyo hutaka kukimbilia nje. Springi nazo huvisukuma virudi ndani. Mwendo ukipanda, vizito hushinda na kutanuka, na mwendo wao hupitishwa kwa wenzo mpaka kwenye fimbo ya mafuta, ambayo huvutwa upande wa kupunguza. Mwendo ukishuka, springi hushinda na fimbo hurudishwa upande wa kuongeza. Katika aina nyingi za pampu za Bosch zenye planja zilizopangwa mstari mmoja, springi hizo zimo ndani ya vizito vyenyewe, moja ndani ya nyingine kama sufuria zilizopakatana.

Mwanafunzi atauliza, kwa nini springi zaidi ya moja? Jibu limo katika kanuni ya mwendo wa duara, ambayo kila aliyesoma fizikia ya sekondari ameiona ubaoni: kani ni sawa na tungamo mara nusu kipenyo mara mraba wa kasi ya mzunguko. Neno la kushika hapo ni mraba. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kizito cha kilo 0.5 kikiwa sentimita 4 kutoka katikati. Pampu ya injini ya mapigo manne huzunguka nusu ya mwendo wa injini. Injini ikinguruma bila mzigo kwa mizunguko 750 kwa dakika, pampu huzunguka mara 375, na kani ya kizito ni takriban niutoni 31. Injini ikifika mizunguko 2500, pampu huzunguka mara 1250, na kani hiyo hufika takriban niutoni 343. Mwendo umezidi mara tatu na theluthi, lakini kani imezidi mara kumi na moja. Springi iliyo laini ya kutosha kuhisi niutoni 31 italala chini kabisa mbele ya niutoni 343. Na ile iliyo ngumu ya kuzuia 343 haitahisi lolote injini inaponguruma taratibu. Ndiyo maana springi ya nje hufanywa laini kwa ajili ya mwendo wa chini, na zile za ndani hufanywa ngumu kwa ajili ya mwendo wa juu.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Pitisha uzi imara katika ganda tupu la kalamu ya wino. Ncha ya juu funga kifutio. Ncha ya chini tungika wosha 4 za chuma zilizo sawa. Shika ganda wima, zungusha kifutio juu ya kichwa, na utie alama kwenye uzi ili nusu kipenyo kisibadilike. Mwenzako apime muda wa mizunguko 20. Kisha tungika wosha 16 na urudie. Kani imekuwa mara nne, na muda utakaribia kuwa nusu, yaani mwendo umekuwa mara mbili tu. Msuguano wa uzi kwenye ganda utaharibu hesabu kidogo. Mwalimu asiufiche, bali awaulize wanafunzi unaharibu upande gani. Kifutio kifungwe sawasawa, maana kikichomoka huenda moja kwa moja kama jiwe la teo.

Wazo la vizito vinavyozunguka si geni. James Watt alilitia katika injini ya mvuke mwaka 1788. Tatizo lililowasumbua waliomfuata lilikuwa kwamba baadhi ya magavana hayatulii: injini hupanda, gavana hupunguza kupita kiasi, injini hushuka, gavana huongeza kupita kiasi, na mchezo huo huendelea bila kikomo. James Clerk Maxwell aliandika hesabu zake mwaka 1868, na maandishi hayo huhesabiwa miongoni mwa misingi ya elimu ya mitambo inayojitawala. Tiba mojawapo ni kukubali kwamba mwendo usio na mzigo uzidi kidogo mwendo wenye mzigo mzima. Injini yenye mizunguko 2500 ikibeba mzigo mzima, na 2750 isipokuwa na mzigo, ina tofauti ya asilimia 10. Tofauti hiyo ikibanwa mno kwa kutafuta usahihi, injini huanza kupumua juu na chini kama mtu aliyepanda mlima.

Sasa tuje kwenye kubadilisha springi, jambo ambalo huwavutia vijana wa karakana. Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani. Malori madogo ya Dodge Ram ya miaka 1994 hadi 1998 yaliwekwa injini ya Cummins yenye silinda sita na ujazo wa lita 5.9, pamoja na pampu ya Bosch iitwayo P7100. Gavana la kiwandani huanza kuyapunguza mafuta mwendo ukizidi takriban mizunguko 2500. Wenye magari waliona kwamba nguvu inakatika mapema, hivyo zikatengenezwa springi ngumu zaidi za kusogeza mpaka huo hadi mizunguko 3000, na nyingine hadi 4000.

Kazi yenyewe hufanywa kupitia tundu dogo lililo juu ya nyumba ya gavana, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Fundi hufungua kizibo, kisha huzungusha injini kwa mkono mpaka nati ya kizito cha kwanza itokeze tunduni. Nati hiyo hualika kila inapozungushwa kidogo, na fundi mwenye akili huihesabu milio hiyo anapofungua na kuiandika kwenye karatasi, si kichwani. Hutoa springi, hupanga mpya kwa utaratibu uleule, hufunga nati mpaka hesabu iliyokusudiwa. Kisha huzungusha injini mzunguko mmoja kamili. Kwa kuwa pampu huenda nusu yake, kizito cha pili ndicho kitakachotokeza. Hapo hurudia kazi ileile kwa hesabu ileile. Hapa ndipo wengi hukosea. Kizito kimoja kikikazwa kuliko mwenziwe, viwili hivyo hutanuka kwa nyakati tofauti, mhimili hutetemeka, na injini hukosa utulivu hasa katika mwendo wa chini. Kosa la pili ni kuangusha nati au wosha ndani ya gavana. Kwa sababu hiyo tambaa safi huzibwa kandokando kabla ya kufungua chochote. Kipande kimoja kilichosahauliwa humo chaweza kuibana fimbo ya mafuta ikiwa wazi, nayo ndiyo hali tuliyoieleza mwanzoni, ya injini isiyo na gavana.

Kabla ya kuwasha, fundi huhakikisha kwamba fimbo ya mafuta inateleza bila kukwama na kwamba wenzo wa kuzimia unafanya kazi. Aidha huweka karibu ubao wa kuzibia mdomo wa hewa, kwani injini iliyokimbia haisikii ufunguo. Mkono au tambaa haufai kwa kazi hiyo. Injini huvuta kwa nguvu. Injini ikishawaka, hurekebishwa kwanza mwendo wa chini, ndipo mwendo wa juu upimwe kwa kipima mizunguko, si kwa sikio. Mahali panapofaa zaidi ni meza ya kupimia pampu, ambako kila planja hupimwa mafuta yake katika kila mwendo, na lakiri hurudishwa baada ya kazi.

Je, springi hizo huongeza nguvu? Kwa mwendo ulio chini ya mpaka wa zamani, haziongezi chochote, maana kila pigo la planja hupeleka kiasi kilekile. Zinachofanya ni kuruhusu pampu iendelee kupeleka mafuta mahali ambapo zamani ingeacha. Na kuruhusu huko kuna bei yake, ambayo hupigwa hesabu kwa kanuni ileile ya mraba. Kutoka mizunguko 2500 hadi 3000, kani ya vizito hupanda kwa asilimia 44, na springi lazima zikazwe kwa kiasi hicho. Lakini pistoni nayo hufuata sheria hiyohiyo. Katika injini tuliyoitaja pistoni husafiri milimita 120 kwa kila pigo. Inapogeuka juu kwa mwendo wa 2500, mchapuko wake huzidi mita 4,100 kwa sekunde mraba, yaani zaidi ya mara mia nne ya mvutano wa dunia. Konrodi ndiyo inayobeba mzigo huo. Kwa mwendo wa 3000 mzigo huzidi kwa asilimia 44. Kwa 4000 huwa zaidi ya mara mbili na nusu. Springi za valvu nazo zina kikomo: mwendo ukizidi, hushindwa kuzifunga valvu kwa wakati, na pistoni yaweza kuigonga valvu iliyochelewa. Ndiyo sababu waliobadilisha springi za gavana huko Marekani walilazimika mara nyingi kubadilisha na springi za valvu pia.

Libaki jambo moja ambalo gavana, liwe la kiwandani au la kukazwa, haliwezi. Lori lililojaa linaposhuka mlima wa Kitonga mkoani Iringa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Dereva akichelewa kupunguza gia, kisha akaingiza gia ndogo kwa nguvu lori likiwa kasini, gavana litakata mafuta yote, kwa utii kamili, na bado injini itapanda mizunguko 3000, 3500, na kuendelea, kwa maana inayosukuma si dizeli tena bali uzito wa mzigo. Springi haina mkono wa kuzuia mlima. Gia huchaguliwa kileleni, gari likiwa bado polepole.