Tundu la Hewa Linavuja? Badilisha Raba Kabla ya Masika

Leo tunapanda juu ya paa.

Mabanda mengi ya kuku na stoo za chakula ninazotembelea, kuanzia Moshi mjini mpaka Kibosho na Marangu, yana tundu la kutolea hewa juu ya paa. Wengine wamefunga kile kifeni kinachozungushwa na upepo, wengine bomba lenye kofia ya bati. Ni kitu kizuri sana. Ila pale paa limetobolewa, na kinachozuia maji ni raba na silikoni tu. Jua linaila raba hiyo. Raba inakauka, inapasuka kama kisigino, na mvua za Machi hadi Mei zinapata njia.

Tone moja usilidharau. Maranda yakilowa, amonia inapanda, macho ya vifaranga yanavimba, na ugonjwa wa kuhara damu unapata mazingira unayoyapenda. Kwenye stoo ni mbaya zaidi, maana mahindi na pumba vikilowa vinaota ukungu, na ukungu unaweza kuacha sumukuvu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuanika juani. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, na kuku nao haiwaachi.

Sasa, dawa ninayoikuta mara nyingi ni kiroba kilichosokomezwa kwenye tundu. Jamani! Maji yamezuiwa, ndiyo, lakini na hewa chafu nayo imefungiwa ndani. Ukiingia asubuhi machozi yanakutoka, wewe mwenye kimo cha mtu. Kifaranga aliye pale chini kwenye maranda je?

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kweli ni kuvuja. Huku juu mlimani, usiku wa Juni na Julai bati linapoa sana, na mvuke wa pumzi za kuku unageuka matone chini yake. Ukikuta matone yametapakaa paa zima asubuhi na mvua haikunyesha, hayo siyo mavujo. Banda linahitaji hewa zaidi, siyo silikoni. Kuvuja kwenyewe kunaacha alama sehemu moja, tena wakati mwingine mbali na tundu, kwa sababu maji hufuata papi kabla ya kudondoka. Fuata alama ya maji kwenye mbao kuelekea juu ya mteremko wa paa.

Panda siku kavu, umande ukishakauka lakini kabla bati halijawa la moto. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, ndiko kuliko na papi chini. Funga kamba kiunoni na uwe na mtu chini.

Fungua skrubu zote za kitako cha tundu, kinyanyue, kisha bandua raba na silikoni ya zamani yote. Hapa ndipo watu wanapofanya uvivu. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile ya zamani, wala juu ya vumbi, kwa hiyo kupaka juu juu ni kununua mavujo mengine. Kwangua, sugua kwa brashi ya waya, futa kwa kitambaa kikavu. Kama kuna kutu, sugua na upake rangi ya kuzuia kutu kwanza.

Raba mpya ikate kwa kufuata umbo la kitako. Ukikosa ya dukani, tyubu ya tairi la gari inafaa, mradi ikae chini ya kitako ambako jua haliifikii. Raba ndogo za skrubu nunua mpya kabisa. Na silikoni chagua: ile inayonuka kama siki inakula bati la zinki, kwa hiyo muulize muuzaji isiyo na asidi, inayofaa kwa mabati.

Rudisha kitako, kaza skrubu kwenye mgongo wa bati, siyo kwenye bonde. Acha kukaza raba inapoanza kutanuka kidogo. Ukikaza mpaka ikatoka nje yote, umeshaiua. Paka silikoni ukingo wa juu na pembeni. Ukingo wa chini uache wazi, ili maji yakipenya kidogo yapate pa kutokea.

Maelekezo mengi ya silikoni yanasema saa 24 za kukauka. Kwa baridi ya huku juu mimi nawaambia wasubiri siku mbili. Kisha jaribu: mtu mmoja ndani na tochi, mwingine juu na mpira wa maji. Anza kumwagia chini ya tundu, subiri dakika kumi, nenda pembeni, subiri tena, malizia juu yake. Ukianzia juu hutajua maji yameingilia wapi. Yakidondoka pale tu unapomwagia ukingo wa juu, angalia mpangilio: ukingo huo unatakiwa uingie chini ya bati la juu yake, na ule wa chini ulale juu ya bati linalofuata. Mafundi wengi hukilaza kitako chote juu ya bati, na hapo raba peke yake haitoshi. Mwite fundi alegeze bati la juu akichomeke.