Somo: Kuku Aliyepindika Shingo

Fungu la kusoma nyumbani: Mithali 12:10

Ndugu msomaji, pengine umeona neno hili katika lupango lako. Kuku aliyekuwa mzima jana, leo anasimama kichwa kikiwa kimepinduka. Anatazama juu kama mtu anayehesabu nyota, au kichwa kinaingia kati ya miguu yake. Akitaka kwenda mbele, anarudi nyuma. Akitaka kudonoa punje, anadonoa udongo pembeni.

Watu wengine wakiona hivi husema, "Huyu amerogwa." Halafu wanaanza kutafuta mtu wa kushitaki, na mara nyingi ni mama mjane au mzee asiye na mtu wa kumtetea. Somo hili linataka kukuonyesha kwamba ugonjwa huu una sababu zake, tena sababu hizo zinajulikana. Usimshitaki jirani kwa kazi iliyofanywa na kijidudu.

1. SABABU ZA SHINGO KUPINDIKA

Shingo yenyewe si mgonjwa. Ugonjwa uko katika ubongo na mishipa ya fahamu inayoongoza shingo. Angalia sababu hizi:

(a) Ugonjwa wa Newcastle. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa kuku katika vijiji vyetu. Jina lake ni la mji mmoja wa Uingereza, ulikoonekana mwaka 1926. Mwaka uleule ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Unaletwa na kijidudu kidogo sana, kinachopita kutoka kuku mmoja hadi mwingine kwa pumzi, mavi, maji, vyombo, na viatu vya watu. Kuku anahema kwa shida, anahara mavi ya kijani, mabawa yanaanguka. Wengi wanakufa kwa siku chache. Wanaopona pengine wanabaki na shingo iliyopindika.

(b) Njaa ya vitamini. Kuku anaweza kushiba mahindi kila siku na bado akakosa kitu ambacho ubongo wake unahitaji. Vifaranga wanaokosa vitamini E huanguka na kupinda kichwa, zaidi walio wa majuma mawili mpaka manne. Wanaokosa vitamini B1 hukaa juu ya miguu yao na kuvuta kichwa nyuma. Chakula kilichokaa sana mpaka mafuta yake yananuka kimepoteza vitamini E.

(c) Pigo la kichwa. Mbwa amemrusha, kipanga amemkamata, mlango umempiga, au jogoo amemdonoa.

(d) Sumu. Kuku akila mzoga uliooza na funza wake, shingo yake hulegea na kulala chini kama kamba. Hii ni tofauti: shingo haipindiki, inalegea. Dawa za kuua wadudu wa shamba pia huharibu mishipa ya fahamu.

2. JINSI YA KUTAMBUA

Jiulize maulizo matatu. Je, mgonjwa ni mmoja tu, au ni wengi? Je, kuna kuhara na kuhema? Je, jirani naye anapoteza kuku? Kama wengi wanaugua pamoja, fikiri kwanza ugonjwa wa kuambukiza, nawe umwambie munganga wa wanyama au mkubwa wa kijiji upesi. Mwaka 2017 homa ya ndege ilionekana kwetu Kongo katika Ituri, karibu na Ziwa Albert. Kwa hiyo vifo vingi vya ghafula si neno la kuficha.

Kama mgonjwa ni mmoja tu, wengine wakiwa wazima, unaweza kumtunza.

3. KAZI YA KUMTUNZA

Kwanza, mtenge. Mweke katika kitunga au katoni yenye majani makavu, mahali pa giza kidogo, pasipo kelele. Kuku wa namna hii akishtuka, shingo inazidi kupinda. Wenzake nao watamdonoa na kumnyima chakula.

Pili, mnyweshe. Kuku mwenye shingo iliyopindika mara nyingi hufa kwa kiu na njaa kabla ugonjwa wenyewe haujamwua. Mshike karibu na kifua chako. Tegemeza kichwa kwa kiganja, ukikirudisha polepole. Usikivute kwa nguvu. Chovya ncha ya mdomo katika maji, lakini matundu ya pua yasizame. Au tia tone moja moja pembeni ya mdomo, ungoje ameze. Usimimine maji kooni, maana yataingia katika mapafu naye atakufa mikononi mwako.

Tatu, mlishe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Mpe uji mzito wa unga uliochanganywa na pumba ya mchele, ambayo ina vitamini B1. Ongeza lengalenga iliyokatwa ndogo sana, karanga zilizosagwa, na mafuta mapya ya mawese kidogo, ambayo yana vitamini E. Mahindi au mpunga uliochipuka pia ni mzuri. Ukipata dawa ya vitamini ya kuku, fuata kipimo kilichoandikwa. Dawa yenye seleni isizidishwe hata kidogo, kwa kuwa ikizidi ni sumu. Na dawa uliyopewa hospitali kwa ajili ya mtoto wako ni ya mtoto, usimgawie kuku.

Nne, vumilia. Aliyekosa vitamini B1 anaweza kuinuka kwa siku chache. Mwingine anahitaji majuma mengi. Aliyepinda kwa sababu ya Newcastle pengine hatanyoka kabisa. Lakini kama hawezi kumeza, naye anazidi kukonda, mchinje upesi ili asiteswe, kisha umzike.

Tano, safisha. Lisha kuku wazima kwanza, mgonjwa mwisho. Nawa mikono kwa maji na sabuni kila mara. Usijiguse macho, kwa maana kijidudu cha Newcastle kinaweza kuleta wekundu na machozi katika macho ya mtu.

4. KUZUIA NI BORA

Ugonjwa wa Newcastle hauna dawa ya kuuponya. Lakini kuna chanjo. Chanjo iitwayo I-2 inavumilia joto kuliko nyingine, kwa hiyo inafaa vijiji vyetu. Kuku anatiwa tone moja katika jicho, na inarudiwa kila miezi minne. Wachanjwe wazima tu, kabla ugonjwa haujaja. Aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo. Wanakijiji wote wachanje siku moja, kwa sababu kuku hawajui mpaka wa lupango. Kuku mgeni kutoka soko akae peke yake majuma mawili.

5. JARIBU LA SOKO

Kuku wanapoanza kufa, shetani anakwambia, "Peleka waliobaki sokoni leo, kabla watu hawajajua." Ndugu, karo ya mtoto inatoka katika kuku hao, na mayai yao yanamkinga mdogo wake na kwashiorkor. Hasara hiyo ni kubwa kweli. Lakini kuku unayemuuza mgonjwa anakwenda kuua kuku wa mama mwingine, ambaye naye ana watoto. Soma Marko 12:31. Jirani yako ni pamoja na yule anayenunua. Aliyekufa mwenyewe asiliwe wala asiuzwe; azikwe chini sana, mbali na kisima.

6. ANGALIA SANA: MTOTO SI KUKU

Mtoto mwenye homa ambaye shingo yake imekazana, hawezi kufikisha kidevu kifuani, anatapika au anasinzia sana, mlete hospitali saa ileile, hata usiku. Inaweza kuwa meninjiti. Mtoto mchanga aliyeacha kunyonya na mwili wake unakazana, inaweza kuwa pepopunda. Usimpake majani, usimvute shingo, usingoje kesho. Nawe mama mwenye mimba, pokea chanjo yako ya pepopunda.

7. NENO KWA ROHO

Katika Luka 12:6 Bwana anatuonyesha kwamba hata ndege wadogo wa bei ndogo hawasahauliwi na Mungu. Anayejifunza kumnywesha kuku kwa subira, tone kwa tone, atajua pia kumketia mgonjwa wa nyumbani mwake. Na anayetafuta sababu ya ugonjwa kwa macho safi hatamfukuza mjane bure.

MAULIZO

1. Taja sababu nne zinazoharibu shingo ya kuku.
2. Kwa nini maji yasimiminwe kooni?
3. Chanjo ya I-2 inatiwa wapi, na inarudiwa lini?
4. Utafanya nini mtoto akiwa na homa na shingo iliyokazana?
5. Je, kuna mtu kijijini aliyeshitakiwa bure kwa sababu ya ugonjwa? Utamwendea namna gani juma hili?